Ukoka kivulini: nyasi gani ya joto itastahimili, na ipi itakufia polepole

Nyasi iliyopandwa kivulini haifi siku ya kwanza, na hapo ndipo inapodanganya. Zulia la ukoka linaletwa likiwa kijani kibichi, linatandikwa chini ya mti, linamwagiliwa, na kwa wiki sita au nane linapendeza. Mwezi wa nne majani yanaanza kurefuka na kulegea. Mwezi wa nane udongo unaonekana katikati ya mashina. Mwaka ukitimia kimebaki kipara chenye vishungi viwili vitatu, na lawama zinakwenda kwa mbolea, kwa maji au kwa aliyepanda. Kumbe muda wote huo nyasi ilikuwa ikila akiba. Kule ilikokuzwa ilishinda juani kutwa, ikafika kwako mashina na mizizi imejaa wanga, na wanga huo ndio uliolisha majani. Akiba ilipokwisha, kile kilichoingia kwa njia ya mwanga hakikutosha kulipa matumizi ya kila siku.

Ndiyo maana swali "nyasi gani inapenda kivuli?" halina jibu zuri. Katika nyasi za joto hakuna inayokipenda. Zipo zinazokivumilia kwa kiasi, na kiasi hicho kinapimika. Ukikijua kabla ya kununua, uchaguzi huwa mwepesi kuliko unavyodhaniwa.

Nyasi za joto ni zile zinazostawi kati ya nyuzi 27 na 35 za Selsiasi na kusinzia baridi inapozidi. Hujitengenezea chakula kwa njia ambayo wataalamu wa mimea huiita C4. Ndani ya jani kuna kama pampu inayokusanya kabonidayoksaidi na kuisukuma ndani ya seli ambako sukari hutengenezwa, ili kimeng'enya kinachohusika kisipoteze kazi yake kwa kunasa oksijeni, kosa linaloongezeka kadiri joto linavyopanda. Kwenye jua kali pampu hiyo ni faida tupu. Lakini hailiwi bure: kila molekuli ya kabonidayoksaidi hugharimu molekuli 5 za ATP, ambayo ndiyo nishati ya seli, ilhali mimea ya njia ya kawaida, C3, hutumia 3. Mwanga ukiwa mwingi gharama hiyo haisikiki. Mwanga ukipungua, ndiyo inayoumaliza mmea. Ongeza usiku wa joto, ambapo mmea hupumua kwa kasi na kuchoma sukari bila kutengeneza nyingine, utaelewa kwa nini kivuli cha nchi yenye joto ni kigumu kuliko kivuli hichohicho mahali penye usiku wa baridi.

Kivuli cha ukuta si kivuli cha mti

Ukuta huzuia jua moja kwa moja, lakini nyasi iliyo chini yake bado inaiona sehemu kubwa ya anga, na mwanga wa anga una rangi zote ambazo mmea unazihitaji. Kivuli chake kina mpaka, na kinahama. Sehemu inayokosa jua asubuhi huweza kulipata kamili mchana.

Mti hufanya mambo mawili zaidi. Kwanza, majani yake hunyonya mwanga mwekundu na wa bluu, yakiacha upite ule mwekundu wa mbali ambao jicho halioni na nyasi haina la kufanya nao. Nyasi huusoma uwiano huo kama habari: "nimefunikwa na mwenzangu, nirefuke nimpite." Basi hutumia sukari kidogo iliyonayo kurefusha majani badala ya kukuza mizizi na kuchipua pembeni. Majani huwa marefu, membamba, yenye ngozi nyepesi ambayo ukungu huipenya kwa urahisi. Pili, mti una mizizi. Mizizi yake midogo inayofyonza maji iko zaidi kwenye sentimita 30 za juu, palepale mizizi ya nyasi inapoishi. Chini ya mti, kwa hiyo, kivuli huja na kiu. Watu wengi huzidisha maji kwenye kivuli cha ukuta, ambako hayahitajiki, na kuyapunguza chini ya mti, ambako yanagombaniwa.

Miti nayo haifanani. Mwembe hutupa kivuli kizito, kisichotoboka, mwaka mzima. Jakaranda, yenye vijani vidogo, huacha madoa ya jua yakitembea juu ya ardhi kutwa nzima, na madoa hayo ni mwanga wa kweli.

Pima kwanza

Chagua siku isiyo na mawingu. Chomeka vijiti kila baada ya mita 2 kwenye eneo lote, kisha pita kila saa, kuanzia saa 1 asubuhi hadi saa 12 jioni, ukiandika kwa kila kijiti: J ikiwa ni jua kamili, M ikiwa ni madoadoa, K ikiwa ni kivuli kitupu. Jioni hesabu J kama saa moja, M kama nusu saa, K kama sifuri. Usikadirie kwa macho. Mtu anayepita mahali saa 6 mchana tu huamini pana jua la kutwa.

Rudia baada ya miezi mitatu na tena baada ya sita, maana jua huhama. Hata kwenye Ikweta, ukuta wa mita 3 unaoelekea mashariki na magharibi hutupa kivuli cha mita 1.3 upande wa kusini saa sita za mchana mwezi Juni, na Desemba kivuli hicho hugeukia kaskazini. Kwenye latitudo ya nyuzi 30, katikati ya majira ya baridi, ukuta huohuo hutupa kivuli cha mita 4 mchana kweupe. Ukanda uliopimwa msimu mmoja ukaonekana mzuri unaweza kukaa gizani miezi mitatu mfululizo.

Saa zenyewe hazina uzito sawa, na hapa ndipo kanuni ya "saa nne za jua kwa siku zinatosha" inapowapoteza wengi. Saa moja ya jua la utosini hutoa mwanga wa karibu moli 6.5 kwa mita ya mraba (moli ni kizio cha kuhesabia chembe za mwanga). Saa moja ya kati ya saa 1 na saa 2 asubuhi haifikishi hata theluthi ya hiyo. Saa nne za kuzunguka adhuhuri, kwa hiyo, si sawa na mbili za alfajiri na mbili za jioni. Hata hivyo jua la asubuhi lina kazi nyingine: hukausha umande, na umande ukikauka mapema ukungu hukosa muda wa kuota. Ukilazimika kuchagua upande wa kufungulia mti, fungua wa mashariki.

Anayetaka namba kamili atumie kipimo cha mwanga, hata kile cha simu, mradi alinganishe na sehemu ya wazi saa ileile. Jua kamili la mchana hufika luksi 100,000 (luksi ni kizio cha mng'ao unaoonwa na jicho). Gawanya luksi kwa 54 kupata mikromoli, yaani sehemu za milioni za moli, kwa mita ya mraba kwa sekunde, zidisha kwa sekunde za mchana, gawanya kwa milioni. Mfano: chini ya mti umepima kila saa na wastani wa saa 12 ni luksi 10,000. Kwa 54 ni mikromoli 185. Kwa sekunde 43,200 ni karibu moli 8 kwa siku. Bermuda ya kawaida, yaani ukoka hasa, huhitaji takriban moli 20 au zaidi ili ibaki nzito. St. Augustine zinazovumilia kivuli na zoisia zenye jani jembamba, nyasi tutakazozieleza mbele, huweza kuishi na moli 10 hadi 12. Kwenye moli 8 hakuna nyasi ya joto utakayoipanda ukalala usingizi.

Majina yanayopotosha

Kabla ya kutaja nyasi moja moja, onyo kuhusu majina. Wengi wetu huita ukoka nyasi yoyote inayotambaa na kufunika uwanja. Lakini ukoka hasa, *Cynodon dactylon*, ambao sokoni huitwa Bermuda, ndio wa mwisho kabisa unaopaswa kupandwa kivulini. Mtu akiagiza "ukoka wa kivulini" bila kusema zaidi, anaweza kuletewa huohuo.

Jina "buffalo" ni baya zaidi. Australia na Afrika Kusini hulitumia kwa *Stenotaphrum secundatum*, nyasi ya jani pana inayovumilia kivuli, ile ambayo Marekani huiita St. Augustine. Marekani kwenyewe "buffalo" ni *Bouteloua dactyloides*, nyasi ya mbuga kavu inayotaka jua kamili. Ukisoma ushauri wa nchi moja ukanunua mbegu za nchi nyingine, umenunua kinyume cha ulichotaka. Uliza jina la kisayansi, kisha uliza jina la aina iliyoboreshwa. Muuzaji asiyejua lolote kati ya hayo mawili, mwombe kipande cha kufanyia majaribio kabla hujampa pesa.

Zinazostahimili

St. Augustine (*Stenotaphrum secundatum*) ndiyo ya kwanza kufikiriwa, na kwa haki. Jani lake ni pana, bapa, lenye ncha butu kama mtumbwi, na hunasa mwanga mwingi hata ukiwa hafifu. Mashina yake mazito hutambaa juu ya ardhi tu, kwa hiyo ni rahisi kuizuia isiingie kwenye maua. Huvumilia chumvi, hupenda udongo wa pH (kipimo cha tindikali) kati ya 6 na 7.5, na haipatani kabisa na baridi kali. Karibu kila mara hupandwa kwa vipande, wala si kwa mbegu, pakiti ya "mbegu za St. Augustine" ni ya kutiliwa shaka.

Lakini kusema St. Augustine hakutoshi. Aina ya Floratam, iliyotolewa mwaka 1973 kwa ushirikiano wa vyuo vikuu vya Florida na Texas A&M (ndiko jina lilikotoka), imeenea mno na hudhaniwa ni ya kivuli kwa sababu tu ni St. Augustine. Inataka jua la saa 6 au zaidi. Palmetto, Seville, Delmar na Captiva huvumilia saa 4 hadi 5. Katika hizo, Seville, Delmar na Captiva ni fupi kwa maumbile na hukatwa kwa sentimita 5 hadi 6. Palmetto hukatwa juu zaidi. Tofauti kati ya aina mbili za nyasi moja inaweza kuwa kubwa kuliko tofauti kati ya nyasi mbili.

Udhaifu wake ni wadudu wafyonzao utomvu, ambao kwa kweli hupenda sehemu zenye jua, na ukungu wa madoa ya kijivu, ambao hupenda kivuli na joto la unyevu. Tena hudhurika na dawa za magugu zenye 2,4-D. Soma kibandiko kabla ya kupuliza chochote.

Zoisia ndiyo chaguo la mtu mvumilivu. Hapa pia kuna makundi mawili. *Zoysia japonica* ina jani pana kiasi, hustahimili baridi kuliko wenzake wengi wa joto, ila aina yake maarufu ya Meyer, ya mwaka 1951, haifanyi vizuri kivulini. *Zoysia matrella* ina jani jembamba, hujisokota kuwa zulia zito, na ndiyo ya kivuli: Zeon na Diamond ni mifano, nayo chotara ya Emerald, ya mwaka 1955, haiko mbali. Saa 4 hadi 5 za jua zinatosha, na tofauti na St. Augustine, hustahimili kukanyagwa. Tatizo ni mwendo wake. Vibonge, yaani vipande vidogo vya nyasi na udongo wake, vilivyopandwa kwa nafasi ya sentimita 30 vinaweza kuchukua misimu miwili kufunika ardhi juani. Kivulini ongeza mwingine, na katikati ya hapo magugu hayatakungoja. Jani lake ni gumu, hivyo kisu butu huliacha na ncha nyeupe zilizochanika. Na huweka tabaka la masalia makavu juu ya udongo, ambalo likipita sentimita 1.5 huanza kuzuia maji na hewa.

Nyasi ya Durban (*Dactyloctenium australe*) haizungumzwi inavyostahili. Asili yake ni pwani ya mashariki na kusini mwa Afrika, na Afrika Kusini huiita LM, kifupi cha Lourenço Marques, jina la zamani la Maputo. Hutambaa chini ya miti ya pwani kwenye udongo wa mchanga, na kwa kivuli inashindana na St. Augustine bora. Rangi yake ni kijani cha njano kidogo, hata ikiwa na afya. Wasiojua huimwagia naitrojeni wakidhani ina njaa, nayo huvimba ikawa kama godoro, kisha mashine inapopita hukata hadi kwenye mashina makavu. Haivumilii kukanyagwa sana wala baridi.

Nyasi zulia ya jani pana (*Axonopus compressus*) ni ya pale udongo ulipo na tindikali na unyevu, ambako nyingine hugoma. Huonekana sana chini ya mashamba ya minazi. Mizizi yake ni mifupi, hivyo chini ya mti mkubwa wakati wa kiangazi ndiyo ya kwanza kukauka. Haitaki mbolea nyingi wala chumvi.

Kuna ile ya tandu (*Eremochloa ophiuroides*), iliyopewa jina la mdudu kwa namna mashina yake mafupi yanavyotambaa na vijimguu pembeni. Ni ya kivuli chepesi: saa 6. Hupenda pH ya 5 hadi 6, na ukiipa mbolea nyingi unaiua kwa wema.

Zilizobaki zipite haraka. Paspalamu ya pwani (*Paspalum vaginatum*) ni ya maji ya chumvi zaidi kuliko kivuli. Bermuda inataka saa 8; aina yake ya TifGrand ilizalishwa kwa ajili ya kivuli cha kiasi, na bado inataka saa 5. Bahia na nyasi ya Kikuyu ni za jua. Ukiona Kikuyu imeingia kivulini, imetambaa kutoka juani na inalishwa na mashina ya huko. Kata uhusiano huo kwa jembe uone itakavyonyauka.

Basi mtu mwenye saa 6 ana uhuru wa kuchagua kwa udongo na kwa matumizi. Mwenye 4 hadi 5 achague kati ya St. Augustine ya kivuli, *Zoysia matrella* na Durban: watoto wakicheza hapo, zoisia, baridi ikija, zoisia tena, akitaka kufunika haraka, St. Augustine, udongo ukiwa wa mchanga na hapakanyagwi, Durban. Na mahali penye chini ya saa 4 pasiwe na nyasi.

Kuandaa mti na udongo

Mara nyingi ni rahisi kuongeza mwanga kuliko kutafuta nyasi ya ajabu. Ondoa matawi ya chini hadi mita 2.5 au 3 kutoka ardhini, ili jua la asubuhi na la jioni liingie kwa mlalo. Kisha punguza matawi ya ndani, usizidi robo ya majani yote kwa mwaka. Ukizidisha, mti hujibu kwa machipukizi mengi na baada ya miezi kivuli kinarudi kizito kuliko mwanzo. Ukimaliza, pima tena. Mti ulioipa nyasi saa moja na nusu zaidi umekufanyia kazi kuliko aina yoyote ya mbegu.

Usilime chini ya mti. Kukata mizizi yenye unene wa kidole ni kuukata mti wenyewe, na kumwaga udongo mzito juu ya mizizi ni kuinyima hewa. Tumia reki na uma, legeza sentimita 3 hadi 5 za juu katikati ya mizizi, kisha sambaza mboji iliyochekechwa unene wa sentimita 1. Kwa eneo la mita za mraba 50 hiyo ni lita 500, yaani ndoo 25 za lita 20. Kupima kama udongo umeshindiliwa, mwagilia, ngoja siku moja, kisha sukuma bisibisi kwa mkono: ikikataa kufika sentimita 15, na hujagonga mzizi, toboa matundu kwa uma kabla ya kupanda.

Acha duara lisilo na nyasi kuzunguka shina, angalau sentimita 60 kila upande. Nyasi iliyobanana na shina hukaribisha mashine ya uzi, na uzi huchubua gome. Jeraha linalozunguka shina zima huua mti.

Kupanda

Kivulini tandika zulia zima kama unaweza. Mche wa mbegu huanza maisha bila akiba, na kitawi kilichochomekwa hutakiwa kutoa mizizi na majani mapya kwa mwanga ambao ungetosha kukiweka hai tu. Zulia huja na mashina yaliyokomaa. Ikibidi vibonge, punguza nafasi: kwa sentimita 15 utahitaji 44 kwa kila mita ya mraba, badala ya 11 za nafasi ya sentimita 30. Ni mara nne ya miche, na ndiyo tofauti kati ya kufunika na kutofunika.

Panda mwanzoni mwa msimu wa ukuaji, joto likipanda na mchana ukiwa mrefu, au mvua za kwanza zinapoingia. Chini ya mti unaopukutisha majani, panda unapokuwa uchi, mradi baridi imepita. Zulia lililokuzwa chini ya neti ya kivuli ni bora kuliko la juani, likipatikana, lichukue.

Lakini usinunue la eneo zima. Nunua mita 3 za mraba za kila moja ya aina mbili, tandika moja mahali pabaya kuliko pote, moja pa wastani, moja ukingoni, na usihukumu kabla ya miezi 6. Mwezi wa pili haukwambii kitu; tumeshaona kwa nini.

Utunzaji unabadilika

Urefu wa kukata ndiyo dawa ya kwanza. Jani ndiyo sahani inayokinga mwanga, na kivulini unataka sahani kubwa. Inua kisu kwa karibu theluthi: St. Augustine ya kawaida iende sentimita 9 au 10, *Zoysia matrella* iliyokuwa 3 iende 4, Durban 5 hadi 6. Kila mara usiondoe zaidi ya theluthi ya jani. Nyasi iliyorefuka kwa kutafuta mwanga inashawishi ikatwe fupi "ipate nguvu". Inapokatwa hivyo hulazimika kutoa majani mapya kutoka kwenye akiba isiyokuwepo.

Naitrojeni ndiyo mtego wa pili. Rangi ikipauka mkono unakwenda kwenye mfuko wa urea, lakini naitrojeni huamuru majani yakue, na kukua hula sukari. Kivulini toa nusu ya dozi ya juani: gramu 5 hadi 10 za naitrojeni kwa mita ya mraba kwa mwaka kwa St. Augustine, zikigawanywa mara mbili hadi nne. Tandu na nyasi zulia wasizidi 5. Kwa mita za mraba 50, dozi moja ya gramu 2.5 ni gramu 125 za naitrojeni: gramu 270 za urea ya asilimia 46, au gramu 735 za NPK 17-17-17. Pima kwa mizani. Kwa konzi utamwaga mara mbili bila kujua.

Maji yaje alfajiri, kwa wingi na kwa nadra. Milimita 15 hadi 20 kwa mara moja ni lita 750 hadi 1,000 kwa mita hizo 50, kisha usimwagilie tena mpaka majani yaanze kujikunja au nyayo zibaki zimeonekana. Kumwagilia jioni ni kuongeza saa za umande. Majani ya mti yaliyoanguka yaondolewe kila wiki. Tabaka moja lililolowa huzima mwanga wote uliohangaikia kuupata.

Viwanja vikubwa vya michezo hutumia vidhibiti ukuaji kama trinexapac-ethyl, vinavyozuia homoni ya jiberelini isirefushe majani ili sukari ibaki kwenye mizizi. Vinafanya kazi kweli. Kwa uwanja wa nyumbani, kuinua kisu na kupunguza naitrojeni kwanza ni nafuu zaidi.

Ukiona inakonda

Shika jani moja, vuta taratibu. Likichomoka kwa urahisi na kitako chake kimeoza rangi ya kahawia, tena kuna miduara mikubwa yenye ukingo wa njano au chungwa, huo ni ukungu wa Rhizoctonia, unaokuja majira ya unyevu na joto la wastani. Punguza maji, acha naitrojeni, tumia dawa ya ukungu iliyoandikiwa ugonjwa huo. Madoa madogo ya kijivu yenye ukingo wa kahawia iliyokoza au zambarau juu ya jani la St. Augustine ni ule mwingine, na karibu kila mara umefuata mbolea.

Jani likigoma kuchomoka, likiwa refu, laini, limepauka bila madoa, na mashina yanayotambaa yamerefusha nafasi kati ya kifundo na kifundo, hakuna ugonjwa. Ni njaa ya mwanga, na hakuna dawa ya chupa. Kuvumwani, lile zulia laini la kijani juu ya udongo tupu, nalo husema hivyohivyo. Kulikwangua bila kuongeza mwanga ni kulipa nafasi ya kuota upya. Njia nyembamba iliyokufa ndani ya nyasi nzima ni nyayo tu: weka mawe ya kukanyagia, yakizama usawa wa udongo ili kisu kipite juu.

Palipobaki chini ya saa 4, tandaza vipande vya mbao sentimita 5 hadi 8, bila kugusa gome la mti, au panda *Ophiopogon japonicus* fupi, ambayo inafanana na nyasi bila kuwa nyasi, kwa nafasi ya sentimita 15. Haikatwi na haitaki kukanyagwa. Mpaka kati yake na nyasi uchore pale ramani yako ya vijiti inaposhuka chini ya saa 4, hata kama mstari utapinda.